Kompyuta 8, watoto 48: kipanya kikae mkononi mwa nani?

SWALI

Ndugu mshauri,

Nafundisha darasa la tano, na mwaka huu nimekabidhiwa pia somo la Tehama kwa sababu, kwa maneno ya mwalimu mkuu, mimi ndiye "ninayejua kompyuta". Ninachojua ni kuchapa barua, kupanga alama za mitihani kwenye jedwali na kutuma barua pepe. Programu sijawahi kutunga hata moja.

Chumba kina kompyuta za mezani 12, zinazowaka ni 8. Wanafunzi ni 48. Nina vipindi 2 kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, siku tofauti. Intaneti hakuna, na umeme hukatika bila taarifa. Huwa nawaita 16 kwa mkupuo, wawili kwa kila kompyuta, huku waliobaki wakinakili ubaoni majina ya sehemu za kompyuta. Wanaongoja wanapiga kelele, walioitwa wanagombea kipanya, na kengele hulia kabla kundi la tatu halijagusa chochote. Kuna wavulana watatu ambao kwao kuna kompyuta. Hao ndio waendeshaji wa kila kitu, na wasichana wengi wamegeuka watazamaji. Kwenye mtihani wote wanataja kibodi, kiwambo na kipanya bila kukosea. Lakini nikimwambia mtoto afungue kazi aliyoifanya wiki iliyopita, hajui ilipo. Mara nyingi hata mimi siipati.

Sasa mwalimu mkuu anataka watoto waanze kutunga programu muhula ujao. Wazazi nao wako tayari kuchangia vifaa na wanauliza wanunue tableti au kompyuta. Nianzie wapi, na wazazi niwajibu nini?

Mwalimu wa darasa la tano

JIBU

Mwalimu, kompyuta 8 kwa watoto 48 si janga. Kinachokuangusha ni kazi unayowapa wale wasio kwenye kompyuta. Kunakili majina ubaoni hakumsumbui mtu akili, na mtoto asiye na la kufikiria hujitafutia la kufanya. Igeuze kazi ya mezani iwe ndiyo sehemu ngumu ya somo, na kompyuta iwe mahali pa kwenda kuhakiki kile ambacho mtoto ameshakifikiria kwenye karatasi. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulitekeleza hilo.

Anzia kwa mwalimu wa ratiba. Mwombe akuunganishie vipindi vyako viwili viwe dakika 80 mfululizo, kwa sababu kuingia chumbani, kuwasha mashine kuukuu na kuzizima tena kunakula sehemu kubwa ya dakika 40. Ukizipata 80, zigawe hivi: 8 za maelezo, watoto wote wakiwa wamekaa mbali na kompyuta na viwambo vimezimwa, 28 za zamu ya kwanza, 4 za kubadilishana nafasi, 28 za zamu ya pili, na 12 za kujadili yaliyotokea. Ukinyimwa, usikipasue kipindi cha dakika 40 vipande viwili. Zamu A iende kwenye kompyuta siku ya kwanza ya wiki, zamu B siku ya pili, na nusu nyingine ibaki na karatasi kipindi kizima.

Kila zamu ina watoto 24, yaani watatu kwa kompyuta. Wawili ni bora zaidi, lakini watatu wanafanya kazi vizuri iwapo kila mmoja ana jukumu lake. Mmoja ni mshika kipanya. Wa pili ni msomaji: ndiye mwenye karatasi ya hatua, anasema kinachofuata na anaweza kuonyesha kwa kidole, ila hagusi kipanya wala kibodi. Wa tatu ni mwandishi: kabla kitu hakijabofywa anaandika wanachotarajia kitokee, kikishatokea anaandika kilichotokea kweli. Gonga kengele kila baada ya dakika 9, wote wahamie jukumu linalofuata. Dakika 27 zikiisha, kila mtoto ameshika kipanya dakika 9 kamili, zaidi ya alizokuwa akipata wakati wa vurugu. Mkono unaoachia kipanya una wajibu mmoja kabla ya kuinuka: kuhifadhi kazi. Umeme ukikatika, watapoteza dakika chache tu.

Wale wavulana watatu waweke makundi tofauti, na kila mmoja aanze kama mwandishi. Wakitaka kumsaidia mwenzao, wasaidie mikono ikiwa mgongoni. Anayesaidia kwa mdomo analazimika kueleza, na anayesaidiwa analazimika kubofya mwenyewe. Sheria hiyo inakuhusu na wewe. Mwalimu anayenyakua kipanya "kurekebisha haraka" amefundisha darasa zima kwamba tatizo hutatuliwa kwa kumwita mwenye ujuzi. Wasichana kwa wiki 3 au 4 za mwanzo wapange watatu watatu peke yao, maana kwenye kundi mchanganyiko kipanya huwa kinahama polepole bila mtu kugundua. Baadaye wachanganye. Kengele italinda zamu zao kuliko hotuba yoyote.

Sasa kazi zinazopotea. Hilo ndilo la kumaliza kabla hujagusa programu hata moja, na lina sababu mbili. Kwanza, watoto wengi huamini kazi imo ndani ya programu: nikiandika kwenye programu ya kuandikia, kazi yangu iko humo. Waambie programu ni kalamu na faili ni daftari. Kalamu ikirudishwa, daftari lina mahali pake. Pili, dirisha la kuhifadhi hufunguka kwenye folda yoyote iliyotumika mwisho, likiwa na jina la kubuniwa na programu yenyewe. Mtoto anabonyeza Enta bila kusoma. Makundi mawili yakitumia kompyuta moja kwa jina hilohilo, la pili linaifuta kazi ya kwanza.

Dawa yake ni hii. Bandika namba 1 hadi 8 juu ya kompyuta. Kila kundi likae kompyuta ileile kila wiki, kwa sababu faili zao ziko humo. Kwenye uso wa kila kompyuta tengeneza folda mbili tu, ZAMU-A na ZAMU-B, na ondoa vijipicha vingine vyote visivyotumika. Jina la faili liwe na mpango mmoja: herufi ya zamu, namba ya kompyuta, kazi, na namba ya wiki. Kwa mfano A3-mraba-06. Tumia 06 na si 6, la sivyo baadhi ya programu zitaipanga wiki ya 10 mbele ya wiki ya 2. Kisha fanya zoezi la wiki ya kwanza: andika sentensi moja, hifadhi, funga programu kabisa, fungua faili kutoka kwenye folda, ongeza sentensi ya pili, hifadhi tena, zima kompyuta. Wiki ya pili wanaanza kwa kuifungua faili hiyo na kuongeza sentensi ya tatu. Kundi lisiloipata halijafaulu, hata kama linaandika haraka kiasi gani. Mwisho wa kila wiki nakili folda zote 16 kwenye flashi moja, ambayo kazi yake ni hiyo tu na haichomekwi kwenye kompyuta yoyote nje ya chumba. Flashi inayotembea ofisi hadi ofisi ndiyo inayokuletea virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake.

Kuna mambo madogo ya mikono yanayochelewesha somo zima, na hayamo kwenye muhtasari wa somo. Kubofya mara mbili huwashinda watoto kwa sababu kipanya kinasogea kati ya bofyo la kwanza na la pili, na kompyuta inadhani wanaburuta. Wafundishe kubofya mara moja kisha kubonyeza Enta, au punguza kasi ya kubofya mara mbili kwenye mipangilio ya kipanya. Anayefika ukingoni mwa meza huendelea kusukuma. Mwonyeshe kuinua kipanya na kukirudisha katikati, kishale hakitahama. Kwa herufi kubwa moja, wengi huwasha kitufe cha kufunga herufi kubwa na kusahau kukizima, halafu nywila inakataliwa na wanalia kwamba kompyuta imeharibika. Wazoeze kushikilia Shift. Kuchapa kwa vidole vyote hakuhitaji vipindi maalumu: dakika 5 za mwanzo wa zamu, vidole vya shahada juu ya F na J ambazo zina vinundu vya kupapasa, zinatosha kwa umri huu.

Tuje kwa nusu ya pili ya darasa, ile yenye karatasi. Kazi yao lazima iwe na sifa mbili: isikuhitaji wewe, na majibu yake yajulikane kwenye kompyuta zamu ikibadilika.

Wiki za mwanzo tumia roboti wa sakafuni, yaani mtoto anayetembea kwa kufuata amri. Chora kwa chaki miraba 25, mitano kwa mitano, kila mmoja kama sentimita 40, weka vizuizi vitatu na lengo moja. Amri ni nne tu: mbele 1, geuka kulia, geuka kushoto, rudia. Kundi linaandika amri, kisha mtoto wa kundi lingine anazisoma kwa sauti, na roboti anatembea. Roboti asione karatasi. Mtoto aliyeandika amri akiwa roboti mwenyewe, atakwenda kwenye lengo hata amri zikiwa mbovu, kwa sababu anajua anakokwenda. Andika "geuka kulia" kwa ukamilifu. Ukiandika "kulia" peke yake, nusu yao watapiga hatua ya ubavu badala ya kugeuka. Na bandika alama kwenye mkono wa kushoto wa roboti, maana anapomkabili msomaji kila mtu hubishana ni kushoto kwa nani. Amri zikikosea, hawaruhusiwi kufuta zote. Watafute mstari wa kwanza uliokosea, wabadilishe huo tu, waanze upya. Hiyo ndiyo kazi ya mtunga programu, na watakuwa wameifanya kabla hawajaona programu.

Zoezi jingine la mezani ni kadi 5 zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1, zikipangwa kwa utaratibu huo kutoka kushoto. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyofunikwa ni 0. Namba 21 inakuwa 10101, kwa sababu 16 na 4 na 1 ni 21. Kadi hizo 5 zinatosha kuandika kila namba kuanzia 0 hadi 31, kwa hiyo herufi zote za alfabeti zinaenea, A ikiwa 1. Watumiane ujumbe wa neno moja. Kosa la kawaida ni kuanza na 1 upande wa kushoto; weka mshale kwenye meza. Zoezi hili linatosha wiki moja, usilivute.

Kuhusu kutunga programu, tumia Scratch, lugha ya kutunga programu kwa kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, iliyotolewa mwaka 2007 na Maabara ya Media ya chuo cha MIT, Marekani, kwa ajili ya watoto wa kuanzia miaka 8 hivi. Ni ya bure, ina toleo la kusakinishwa lisilohitaji intaneti, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Lipakue mara moja kwenye kompyuta yenye intaneti, kagua flashi kwa kingavirusi, halafu sakinisha kompyuta zote 8. Toleo la 3 linataka Windows 10 au mpya zaidi. Kama mashine zako ni kuukuu kuliko hapo, toleo la 1.4 linakwenda kwenye kompyuta dhaifu sana. Ila usichanganye matoleo chumbani: toleo la 3 linafungua faili za 1.4, lakini 1.4 haliwezi kufungua za toleo la 3.

Usianze na "tungeni mchezo". Anza kwa kuwapa programu iliyokamilika ikiwa kwenye karatasi yenye miraba midogo, mraba mmoja ukihesabiwa kama hatua 20, wachore kwa penseli itakachofanya. Hii ndiyo ya kwanza:

bendera ya kijani ikibofywa
nenda x: 0 y: 0
elekea upande wa 90
futa yote
kalamu chini
rudia mara 4:
– sogea hatua 100
– geuka kulia digrii 90
– subiri sekunde 1

Maneno yaliyomo kwenye skrini yako yanaweza kutofautiana kidogo na haya. Kwenye toleo la 3, vipande vya kalamu havionekani mwanzoni. Vinaongezwa kwa kitufe cha viongezo kilicho chini kushoto. Na kila mstari uko pale kwa sababu. Bila mistari miwili ya x, y na upande, mara ya pili programu inaanzia mahali mhusika (kikaragosi kinachofuata amri) alipoachwa, na mtoto anaapa kwamba kompyuta "imebadilisha mawazo". Upande wa 90 ni kulia, 0 ni juu. Watu wazima wengi huchanganya hapo. Bila "futa yote", michoro inarundikana. Bila "subiri", mraba unatokea kwa ghafla na hakuna anayeona ulivyochorwa.

Mraba ukishatoka kama walivyobashiri, waagize wabadilishe namba moja tu kwa wakati, na waandike ubashiri kabla ya kila badiliko. Hatua 100 ziwe 50. Ziwe 200: hapa sehemu ya umbo inapotelea nje, kwa sababu jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na urefu wa 360, na kutoka katikati hadi ukingo wa chini ni 180 tu. Waachie walitafute jibu hilo wenyewe.

Halafu waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Kaa na zoezi hili, ni kipindi kizima na linastahili. Karibu kila kundi litaweka rudia mara 3 na digrii 60, maana kwenye hisabati wamejifunza kwamba pembe ya pembetatu hiyo ni 60. Litatoka umbo lililo wazi, kama bakuli lililolazwa ubavu. Usiseme kosa liko wapi. Mwinue mtoto mmoja kwenye kila kundi, atembee pembetatu sakafuni na asimame kila kona: mwili wake unageuka kiasi gani ili uelekee upande unaofuata? Anageuka kwa nje ya pembe, si kwa ndani. 180 kutoa 60, yaani 120. Akizunguka umbo lote na kurudi alikoanzia, amegeuka 360, na 360 kwa 3 ni 120. Mbinu hii ya kumfanya mtoto atembee programu kwa mwili wake ni kongwe: lugha ya Logo, aliyoibuni Seymour Papert na wenzake mwaka 1967, ilikuja kujulikana kwa kobe wake wa kuchora, kiroboti au alama ya kwenye skrini inayofuata amri, na mtoto alihimizwa kujifanya kobe. Kundi litakaloshikilia digrii 60 zake liambie libadilishe rudia 3 iwe rudia 6. Lile umbo lililo wazi lilikuwa nusu ya umbo la pande sita. Kuanzia hapo wataomba wenyewe pande 5, 8, hata 7, ambayo haigawanyiki sawasawa. Kwa hiyo ya mwisho waonyeshe kipande cha kugawanya ili kompyuta ifanye 360 kwa 7 yenyewe.

Karatasi za zamu ya mezani zinaendana na hayo. Wiki ya mraba, wape programu tatu zenye kosa moja moja na wazungushie mstari mbovu. Wiki ya pembetatu, kata mistari ya programu iwe vipande vya karatasi, ongeza kipande kimoja kisichohitajika, waipange. Kipande hicho cha ziada ni muhimu, la sivyo wanapanga kwa kuondoa tu kinachobaki. Zamu ikibadilika wanaijenga kwenye kompyuta na kuona.

Hofu yako kwamba hujui kutunga programu isikuzuie. Unahitaji kuwa mbele yao kwa zoezi moja, si kwa shahada. Fanya kila zoezi mwenyewe siku moja kabla, kwenye kompyuta ya darasa na si ya ofisini, na liharibu kwa makusudi: ondoa mstari mmoja mmoja uone kinachotokea. Ukiulizwa usichokijua, jibu ni "tubadilishe tuone".

Wiki za mwisho wa muhula weka jedwali. Watoto wapime urefu wao, waingize namba 48, watafute jumla na wastani. Mtego uko sehemu moja: atakayeandika "142 sm" ndani ya kisanduku ameandika maneno, si namba. Fomula ya jumla itakiruka kisanduku hicho kimyakimya na kutoa jibu lenye makosa bila onyo lolote. Vipimo viandikwe kwenye kichwa cha safu. Namba inayojipanga kushoto wakati wenzake wako kulia ndiyo ya kushuku.

Mtihani wa majina ya sehemu uache. Kila wiki kaa na watoto 6 mmoja mmoja, dakika 3 kila mmoja, wakati zamu yake iko kwenye kompyuta. Wiki 8 zinamaliza darasa. Mpe programu fupi aliyoizoea ukiwa umebadilisha namba mbili. Muulize itafanya nini, aiendeshe, abadilishe kitu kimoja unachomtajia, ahifadhi kwa jina sahihi, aifungue tena. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake ataonekana hapo hapo.

Usalama wa mtandaoni usiuahirishe eti kwa kuwa shule haina intaneti; watoto wanashika simu za wakubwa. Nusu kipindi inatosha kwa mambo matatu: jina kamili, shule, picha na nywila hazitolewi kwa mtu wa mtandaoni; kitu kikikutisha au kukuaibisha usijibu; na usikifute, mpelekee mtu mzima unayemwamini akione. Watoto wengi hufuta kwa aibu, na ushahidi unaondoka. Sema waziwazi kwamba anayekuja kueleza hataadhibiwa wala kunyang'anywa simu, na uwaombe wazazi waseme hivyohivyo nyumbani.

Zile kompyuta 4 zilizokufa usizitupe bado. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli, kisha toa kadi za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), zisugue miguu ya dhahabu kwa ufutio laini na uzirudishe hadi vishikizo vibane. Kompyuta inayolia milio bila kuonyesha picha mara nyingi hupona hapo. Isipowaka bado, RAM yake inaweza kuongeza nguvu kwenye nyingine, mradi pengo la chini lilingane. Lisipolingana ni aina tofauti, usilazimishe. Inayosahau tarehe kila ikizimwa inahitaji betri ya kidonge ya CR2032. Mashine moja mfu ifungue mbele ya watoto kabla ya zamu ya kwanza, waone ndani. Ila kisanduku cha kupokea umeme na kiwambo cha zamani chenye mgongo mkubwa visifunguliwe kamwe, hata vikiwa vimechomolewa, maana umeme hubaki humo.

Ukija kwa wazazi, jibu langu ni kwamba wasinunue tableti kwa ajili ya darasa la tano. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 tableti zenye ScratchJr, yaani Scratch ya watoto wadogo, ni kitu kizuri, lakini watoto wako wanahitaji kibodi, folda na faili, na tableti inavificha hivyo vyote. Wala wasikimbilie kompyuta mpya mbili tatu. Waombe kwanza vipanya 6 vya akiba, vya waya, kwa sababu vya bila waya hupoteza kile kidubwasha chake na kumaliza betri. Kisha projekta moja, ili dakika zako 8 za maelezo zionekane na wote 48. Kisha vifaa vya kuhifadhi umeme kwa dharura, UPS, hata kimoja kwa kompyuta mbili, ukiisha kuhakikisha jumla ya wati za hizo mbili na viwambo vyake haizidi uwezo wake. Printa usiichomeke humo, hasa ya leza, inavuta umeme mwingi kwa mara moja. Na waya za kurefushia umeme zisichomekwe moja ndani ya nyingine. Kila moja iende ukutani. Fedha zikibaki baada ya hapo, ndipo mzungumzie kompyuta ya tisa.